Peres, TIFF na Karai la Amirali

Ukitaka kumliza Peres, mpe vitu viwili umwambie achague kimoja. Kibandani tukienda lanchi huagiza nusu chapati nusu wali, na mama wa kibanda amechoka kumwambia hiyo nusu haipo. Ana laini mbili za simu. Jumapili, huko kwao Kabiria, husali kanisa moja asubuhi kisha anaibukia lingine mchana, eti la kwanza lina kwaya tamu na la pili lina mahubiri mafupi. Hata pete ya ndoa ilibidi mumewe, Lenox, amchagulie, la sivyo wangekuwa wachumba hadi leo.

Sasa huyo ndiye aliyepewa na bosi wetu, Norman, kazi ya kuchagua.

Ofisi yetu iko katikati ya jiji, ghorofa ya juu, mahali palipokuwa studio ya picha ya mzee Amirali. Mzee alishaaga dunia, na bintiye, Mama Nurjahan wa mtaa wa Karen, akaitoa studio nzima iwe makumbusho madogo. Kuna kamera, mapazia, gari la bati ambalo watoto walikalishwa ndani wapigwe picha, na karai la kuoshea picha, ambalo sisi tumeligeuza la vikombe vya chai. Na kuna negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, masanduku kwa masanduku. Peres anaziskani ziingie kwenye kompyuta, mimi Maurine naandika maelezo.

Shida ni kwamba hizo negativu zinaoza. Filamu ya zamani ikizeeka hunuka siki na kujikunja. Ukifungua sanduku unatamani kachumbari. Nyingi zitakubali kuskaniwa mara moja tu, basi. Ndiyo maana mambo ya TIFF na JPEG, aina mbili za kuhifadhi picha kwenye kompyuta, yalikuwa yakimnyima Peres usingizi. TIFF huhifadhi kila kitu ambacho mashine imeona, lakini ni faili nene, inajaza nyumba kama wageni wa Krismasi. JPEG hubanwa iwe nyepesi, inafunguka chap kwa simu, ila ili iwe nyepesi hutupa vitu vidogovidogo, na vikishatupwa havirudi.

Tulikuwa tunaweka zote mbili mpaka diski ikajaa. Norman akasema, hata kikombe hakuweka chini, "Peres, kufikia Ijumaa jioni nichagulie moja. Ile ingine nafuta."

Wiki hiyo sikupata amani. Asubuhi Peres alikuwa wa TIFF, akinywa chai amekuwa wa JPEG. Nikamwambia, mahindi utayasaga upate unga, lakini unga hautakupa mahindi, kwa hivyo weka mahindi.

"Na kama ghala ni dogo, Maurine?"

"Basi weka unga."

"Na nikitaka githeri ya mahindi mazima na maharagwe?"

Nilitaka kumrushia kikombe. Nikamkumbusha tu kwamba mshika mbili moja humponyoka, nikarudi kwa kazi yangu.

Ijumaa mchana akaingia Mama Nurjahan, manukato mbele, fimbo nyuma. Alikuja kuchagua picha ya kutundikwa mlangoni, na alitaka ile yake mwenyewe akiwa mtoto wa miaka miwili, ndani ya lile gari, anacheka mpaka macho yamefungika.

"Chini mwandike Amirali, mpiga picha," akasema. "Msiandike alikuwa mtu wa furaha, watu watajua mnadanganya. Wateja wake wote wanacheka kwa picha, sijui aliwafanyia nini. Mimi hakuwahi kunichekea, hata siku ya Idi. Mimi nilipata amri."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana nikamwonea huruma sana. Akaonyesha kioo cha kompyuta kwa fimbo. "Mbele ya hilo gari alikuwa ameandika namba kwa mkono wake. Nimeisahau. Nionyesheni."

Peres akafungua JPEG, akaivuta iwe kubwa. Tukaona uji. Akavuta tena, ukawa uji mzito. Basi akafungua TIFF. Kompyuta ikaunguruma, ikawaza, ikaunguruma tena, mpaka Mama Nurjahan akasema kwamba baba yake alikuwa anaosha picha haraka kuliko hivyo. Mwishowe namba ikatokea, lakini hakuna aliyeisoma.

Kando ya namba kulikuwa na taa ya gari, ya duara, imesuguliwa ikang'aa kama kijiko. Ndani ya taa, kama ndani ya kioo cha kujitazamia, kulikuwa na mtu. Peres akavuta. Ilikuwa studio hii hii, dirisha lile pale, kamera kwa miguu yake mitatu. Kando yake alisimama mzee Amirali, tai shingoni, waya wa kufyatulia kamera mkononi, karai kichwani, na ulimi nje mpaka kidevuni.

Karai letu la vikombe.

Peres akaangua kicheko, mimi nikashikilia meza nisianguke. Kisha tukakumbuka ni nani tumekaa naye, tukamgeukia.

Mama Nurjahan alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kimemshika mpaka miwani ikamtoka.

"Maisha yangu yote," akasema, "nilidhani nilikuwa nacheka gari."

Norman akatokea mlangoni. "Peres, umeamua?"

"TIFF."

Alisema kabla hata mimi sijageuka. Akajishika mdomo, ameshtuka. Kisha ikamwingia kwamba kutoka kwa TIFF anaweza kutoa JPEG siku yoyote anayotaka, yaani amechagua moja na amebaki na zote mbili. Akaanza kurukaruka na viatu vyake vya ofisi. "Maurine, hakuna iliyoponyoka."

"Na nafasi nitatoa wapi?" Norman akauliza.

"Norman, mwanangu," Mama Nurjahan akamwambia bila kugeuka, "baba yangu yuko hapa ndani ya taa. Utamfuta?"

Norman akaangalia kioo. Akaangalia karai. Akasema anatoka kidogo kutafuta diski ingine.

Mama Nurjahan akainuka. Akatoa vikombe kimoja kimoja akanipa mimi nishike, akalipandisha karai juu ya mtandio wake, akatoa ulimi. Halafu akaurudisha kidogo, kwa sababu alikuwa na neno.

"Peres, nipige picha. Na usiibane."