Dawa za Mama Feza na Vijineno vya Kiingereza

Siku ambayo sitaisahau hata nikizeeka mara mbili, mwanangu, ni Jumapili ile niliyosimama mbele ya kanisa zima hapa Likasi, Kongo, kipaza sauti mkononi, kinywa wazi, na neno halitoki. Nikisema kanisa zima, elewa watu wengi kiasi kwamba mabati ya paa yalikuwa yanapumua pamoja nao. Nakuletea habari hii kwa sababu nawaona ninyi vijana mnajifunza Kiingereza kwenye simu, mnawahi kazi za makampuni ya migodi upande wa Kambove, na mnapita njia ile ile tuliyopita sisi, na shimo lake bado lipo.

Wakati huo nilikuwa kijana, mchomeleaji wa mageti. Mchana nachomelea, jioni nakwenda shule ya watu wazima, katika darasa la watoto wadogo ambapo ukikaa kwenye benchi magoti yanakugusa kidevu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Papa Mwansa, Mkatoliki mmoja aliyefanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mpaka, kule Kitwe, Zambia, kabla ya kurudi kwao. Kiingereza changu kilikuwa kizuri cha kutisha. Ndivyo nilivyodhani. Maana sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna ujanja wetu: unachukua neno la Kifaransa, unalipinda mkia kidogo, unalisukuma barabarani likiwa Kiingereza. Mtu wa Likasi hasemi "go down", anasema "descend". Moto hasemi "put out", anasema "extinguish", na kifua kinajaa. Maneno hayo yapo kweli, kamusi inayajua, na mwenye lugha atakuelewa. Balaa linaanza pale yeye anapokujibu.

Papa Mwansa alinisikiliza jioni moja nikitoa hotuba ya namna hiyo, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mutoto, Kingereza yako iko na kravati," akasema, akikaza tai ya hewa shingoni. "Iko muzuri ya kuenda nayo ku mariage, ku ndoa. Lakini bantu banasemaka Kingereza na singlet, ku jikoni, ku garage. Ile ya singlet, weye haujue."

Darasa lote likaangua kicheko. Mimi nikajitetea kwamba ile ya singlet, ya fulana ya ndani, nimeshaijaribu, lakini haina akili. Ni vijineno tu: come, get, put, take, halafu nyuma yake up, off, on, out. Nimetafsiri kila kipande, na maana haikuja.

"Ni juu unapasua," akasema, yaani kwa sababu nayakata maneno vipande. "Weye ukipiga simu, unaipigaka na ngumi?"

"Hapana, Papa."

"Na ukipiga magoti, magoti inalia?"

"Hailie, Papa."

"Njo vile. Ya kwetu haupasue. Sasa juu ya nini unapasua ya bengine? Uikamate muzima, na muntu mwenye kuisema, na kintu alikuwa anafanya."

Nilikasirika kama mchuzi uliosahauliwa motoni. Lakini kesho yake nikaanza. Nilikuwa nachukua chaki ya kupimia chuma, naandika kwenye bati la geti neno zima pamoja na sentensi yake: "turn off the light", zima taa, "look after the baby", mtunze mtoto, "hold on", subiri kidogo. Naamini mpaka leo kuna nyumba hapa mjini ambayo geti lake, ukichungulia upande wa ndani chini ya rangi, linakuambia usubiri kidogo. Madereva wa malori kutoka Zambia wakisimama kutengeneza kitu, mimi nipo pembeni na masikio yangu kama ya sungura. Nilikuwa nimeamua. Mtu akiamua, hata njaa inamsubiri.

Habari ikafika kanisani kwetu kwamba mchomeleaji anaongea Kiingereza. Na kanisani kwetu, wewe unajua, mhubiri mgeni hahubiri peke yake. Lazima awe na mkalimani kando yake, bega kwa bega, anayeruka akiruka, anayeinua mkono akiinua. Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mkalimani hasimami katikati ya maneno. Akisimama, moto wa ibada umezimika. Frère Jojo, yaani Ndugu Jojo, mkalimani wetu wa siku zote, alikuwa bingwa wa sheria hiyo. Asipoelewa kitu, anapaza sauti, "Mungu ni mukubwa!", watu wanapiga makofi, mpiga kinanda anashindilia, safari inaendelea. Sauti ilipomkauka kwa kikohozi, wiki ile ile ya mgeni, wakanikabidhi mimi kipaza sauti.

Mgeni alikuwa mama mhubiri kutoka Zimbabwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye zamani alikuwa muuguzi.

Sasa sikia jambo lililokuwa linaniuma. Jirani yangu, Mama Feza, mjane muuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, ule tunaouita tansion. Alikuwa ameshaanguka sokoni mara moja, mbele ya watoto wake. Hospitali wakampa vidonge vya kila siku. Lakini wamama wenzake wa maombi wakaanza kumsema: anayemeza vidonge baada ya kuombewa, imani yake iko wapi? Siku moja kabla ya ibada hiyo nilimkuta uani anapanga samaki, nikamwambia asiache dawa.

"Weye ni docteur wa mageti," akanijibu. "Nitauliza mutumishi wa Mungu, yeye mwenyewe. Akisema nitupe, natupa siku ile ile."

Jumapili ikafika. Nilikwenda vizuri, mwanangu, sitakudanganya, au nitakudanganya kidogo tu: nilitafsiri mpaka njiwa wa paani wakaokoka. Mama mhubiri anasema "don't give up", mimi nasema msikate tamaa. Anasema "carry on", mimi nasema songeni mbele. Papa Mwansa, ambaye kwa kawaida hakanyagi makanisa yetu kwa sababu ya kelele, alikuwa amesimama mlangoni kuja kusikia tu mwanafunzi wake.

Ndipo Mama Feza akatoka kwenye benchi akaja mbele, akiwa amefunga kitambaa kipya. Akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia: "Mama, nimeombewa. Zile dawa za tansion, niache?" Nikamtafsiria mgeni. Kila mtu alitaka jibu moja, na jibu hilo nililiona linasubiri midomoni mwao.

Mama mhubiri akajibu haraka, kama anavyoongea mtu jikoni kwake. "Don't you dare come off those tablets! And don't put off going back to the clinic!"

"Come" nilikuwa naijua. "Put" nilikuwa naijua. Ile "off" nilikutana nayo kwenye taa. Lakini hivi vyote vikiwa vimeshikana, vikiwa na joto la kinywa chake, sikuvijua. Niliona uso wa Mama Feza umeinuka kunielekea mimi, wala si yule mgeni. Yeye alikuwa hasikii Kiingereza. Mungu wake, daktari wake na watoto wake wote walikuwa wanasubiri kinywani mwangu.

Mpiga kinanda akashindilia.

"Sema kintu!" Frère Jojo akanong'ona kutoka benchi la mbele, sauti yake ya kikohozi. "Sema Mungu ni mukubwa!"

Ningeweza. Makofi yangelia. Ningeweza pia kusema lile nililolitaka mimi mwenyewe tangu jana yake, bila kujua kama ndilo lililosemwa. Nikashusha kipaza sauti, nikamgeukia mgeni, nikamwambia kwa Kiingereza kisicho na kravati wala viatu: "Mama, please. I don't know these words. Tell me slowly."

Kinanda kikakoma. Mnong'ono ukapita kanisani kama upepo kwenye mahindi. Mtu wa nyuma akasema, "Aa, alijifanya anajua!" Mchungaji wetu akainamisha kichwa. Mama mhubiri akanitazama, akaelewa, akapunguza mwendo kama lori linaloteremka: asithubutu kuacha vidonge, asiruke hata siku moja, na hospitali arudi, asiiahirishe.

Nikatafsiri. Mama Feza akafinya macho.

"Weye njo unasema, ao yeye njo anasema?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki: ni mimi ninayesema, au ni mgeni? Nikamrudishia mgeni swali hilo lilivyo. Mama mhubiri akamsogelea Mama Feza, akamshika mkono, akaweka kidonge cha hewa kwenye ulimi wake mwenyewe, akameza, akanywa maji ya hewa, akatikisa kidole kumkanya asiache, mbele ya kanisa lote. Hapo hapakuhitaji mkalimani. Mama Feza akainamisha kichwa, akasema, "Bon. Nitameza." Akarudi kukaa, na wale wamama wa maombi wakampisha.

Nje, Mchungaji wetu alinipita bila kunisalimia. Frère Jojo akaniambia nimemaliza ibada kama mtu anayemwaga maji kwenye jiko. Papa Mwansa alinisubiri kando ya barabara. Nilidhani atanisifu.

"Ile off haujue hata nusu," akasema. "Kesho uje mbele ya benzako." Halafu akanikazia macho. "Lakini ulisimama. Ile ya kusimama, miye siwezi kufundisha muntu."

Basi nikaenda mapema kesho yake, na siku zilizofuata, hata mvua ilipokuwa inafuta barabara. Mama Feza aliendelea kumeza vidonge vyake na kuuza samaki wake, akaozesha mabinti zake wote akiwa amesimama kwa miguu yake, na hakuacha kunitania kuwa yeye anakunywa dawa kwa tafsiri.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize. Kiingereza cha watu hakiko kwenye maneno marefu yanayofanana na Kifaransa. Hayo tayari unayo, yasikulevye. Kiko kwenye vijineno hivi vinavyotembea pamoja. Vichukue vizima, vitoke kinywani mwa mtu anayefanya kazi yake, vitumie siku hiyo hiyo, ukosee, vitumie tena. Usichoke. Na siku utakapokuwa katikati ya watu wawili wasioelewana, iwe kanisani, iwe mgodini ambako bosi anapiga kelele na wenzako wanakutazama wewe, ukiona hukuelewa, simama uulize. Watakucheka dakika moja. Waache wacheke. Aliyekutegemea hana sikio lingine isipokuwa lako.

Nenda sasa. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi na moyo mzito, akufungue masikio kabla ya kinywa, na kila anayesubiri neno kutoka kwako alipate likiwa zima.