Mbuzi wa Mama

Nilipokuwa msichana Migwani, kila mtu alijua kwamba mama yangu hakuwa mke wa mtu. Walilisema polepole, tena kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniudhi. Mama alikuwa ameishi na baba tangu vita vya Mjerumani viishe, yule ambaye wazee wetu walimwita Mdachi. Alikuwa amezaa, analima, na hakuna shughuli ya jirani iliyopita bila yeye kupika uji. Lakini mbuzi wake wa ntheo hawakuwa wameliwa. Kwetu Ukambani, mpaka mbuzi hao wapelekwe kwa watu wa mwanamke na kuchinjwa, yeye ni mtoto wa kwao tu, hata akiwa na wajukuu. Na mbuzi wa binti hawawezi kuliwa kabla ya wale wa mamake.

Baba alikwenda vitani kumbebea Mwingereza mizigo. Huko Tabora alimkuta mama, msichana aliyeshikwa kwao Urundi na jeshi la Mbelgiji ili abebe vyakula vya askari. Vita vilipokwisha akamfuata baba hadi Ukambani, kwa sababu njia ya kurudi kwao hakuna aliyemwonyesha. Nyumbani tuliongea Kiswahili chao cha kambini, na watoto wenzangu walitucheka. Kikamba alijifunza, lakini alikitumia kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, kwa uangalifu na bila kujinyoosha. Lugha yake mwenyewe sikuwahi kuisikia. Angeiongea na nani?

Haya yote yalikuwa maneno ya kisimani tu, hadi miaka ile ya thelathini, baada ya nzige, alipojitokeza kijana wa kijiji cha Tulia aliyetaka kunioa. Nami nilimtaka, sioni haya kusema. Baba yake alikuja, akanywa uji, akauliza kwa upole kama mbuzi wa mama walishaliwa. Baba akasema bado. Yule mzee akasema watasubiri mpaka mvua zikatike, zaidi ya hapo watatafuta kwingine.

Baba akaenda bomani Kitui kuomba ruhusa ya kupeleka mbuzi Urundi. Alirudi na jibu la karani, akatusimulia akiwa bado amesimama mlangoni.

"Ameniambia kwa Mdachi hakuna tena. Mdachi alishindwa, wenyewe wakagawana nchi yake. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Urundi ikaenda kwa Mbelgiji. Kufika huko inataka pasi ya Mbelgiji. Na mbuzi ya Kitui haiwezi kutoka, iko karantini."

Wazee waliitwa kulifikiria jambo hilo. Mmoja akauliza hao wazungu waligawana namna gani, na baba akasema waligawana kama nyama. Basi wakaelewa mara moja, maana kwetu nyama hugawanywa kwa umri na kila mtu anajua kipande chake. Wakaanza kubishana kwa nini Mbelgiji, ambaye walisikia ni mdogo, alipewa kipande chochote. Walifurahia sana mjadala huo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, ndoa yangu ikiyeyuka, na wao wanapima paja na kidari.

Mama alikuwa akiwamiminia uji. Si kawaida yake kusema mbele ya wazee, lakini siku ile alisema.

"Nyama inagawanywa ng'ombe ikishakufa. Kwetu watu wako hai."

Wakapokea uji wao, wakaendelea. Mwishowe wakakata shauri: atafutwe mtu wa ile nchi ya Mdachi, hata kama ni wa kipande cha Mwingereza, asimame kama kaka yake mama na kula mbuzi. Nchi si ilikuwa moja kabla ya kukatwa? Waliona wamemaliza.

Msomali mmoja aliyenunua mifugo Kwa Vonza ndiye aliyesema kuna mtu kama huyo Makindu, kwenye kazi ya reli. Baba akamfuata huko kwa miguu. Akarudi na mwanamume mwembamba, mpole, aliyevaa koti la kaki lililompwaya.

Mama alimwamkia kwa Kiswahili. Yule mtu akajibu kwa maneno ambayo sikuyajua, na mama akaweka kibuyu chini.

Sijui waliongea muda gani. Najua tu kwamba mama niliyemwona hapo sikuwahi kukutana naye. Aliongea haraka, akamkata mwenzake maneno, akacheka kabla hadithi haijaisha, akapiga goti lake kwa kiganja. Maisha yangu yote nilidhani mama ni mtu mkimya. Kumbe ukimya ulikuwa wa Ukambani. Nilimwonea wivu yule mgeni, na nilimwonea mama huruma hata nikashindwa kukaa pale.

Baadaye alinieleza. Mgeni alitoka ng'ambo ya mto wa kwao, kule walikoolewa dada za bibi yangu. Mama akiwa mtoto alivuka mto huo akipeleka mtama kwa mama zake wadogo, akarudi jioni.

"Sasa ng'ambo ile ni ya Mwingereza, na yetu ni ya Mbelgiji," alisema. "Mto ni ule ule."

"Anamjua babu?"

"Hamjui."

Jioni ile nilimsikia akimwambia baba, "Huyu si ndugu yangu. Atakulaje mbuzi ya baba yangu na hamjui?"

"Hiyo najua," baba akasema. "Na huyu mtoto tutamfanyia nini?"

Mama akanitazama. Nikainama kuchochea moto, naye akamwambia baba wachinjwe tu.

Mbuzi walichinjwa. Upande wa baba walijaa wajomba, binamu na majirani. Upande wa watu wa mama alikaa yule mtu wa reli peke yake juu ya kigoda, akila nyama yake taratibu huku koti limefungwa vifungo vyote. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakasema sasa mambo yamenyooka. Mgeni akapewa mguu wa mbuzi wa kula njiani, na mama akamsindikiza mpaka kwenye mchanga wa mto wetu. Nilisikia sauti zao zikienda katika lugha ile, kisha zikapotea.

Mama aliporudi peke yake nilimwambia, nikidhani namfurahisha, "Mama, sasa hawatakusema tena."

"Wao walikuwa wanasema mimi si mke wa mtu," akasema. "Mimi nilikuwa naona ni vizuri. Nilikuwa bado mtoto wa baba yangu. Leo ndio nimetoka kwetu."

Akachukua kibuyu akaenda kuchota maji.

Mbuzi wangu waliliwa mvua zilipokatika. Watu wa upande wetu walikuja wengi, ikabidi wengine wakae chini. Mama aliwapikia wote na kuwapakulia, na lugha ile sikumsikia akiiongea tena.