Nyanjige wa Kwenye Gazeti

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Milembe Ngassa amekwisha kupiga magoti sokoni Bariadi. Hasali. Sala aliimaliza nyumbani. Amefungua mrundo wa magazeti makuukuu, anakunjua moja baada ya jingine, anapitisha kidole chini ya kila picha, kisha analiweka upande.

Mteja wake, fundi rangi wa magari, amesimama akisubiri kilo tatu za kufunikia vioo.

"Mama, mimi siyasomi. Nipimie tu niende."

"Wewe huyasomi, mimi nayasoma. Subiri."

Jirani yake Mwanamisi, muuza viatu vya mitumba, anacheka huku akijaza karatasi kwenye kiatu. "Kaka, tafuta pa kukaa. Huyu anamtafuta mama yake humo. Ukimharakisha utalala hapa."

"Cheka tu, Mwanamisi," anajibu Milembe bila kugeuka. "Wewe wako yuko Tanga, unampigia simu."

"Na kila nikipiga ananiomba hela! Nikuuzie?"

Milembe ana miaka hamsini na moja na watoto wanne. Kazi yake ni kununua magazeti ya zamani maofisini, majumbani kwa walimu na popote penye mtu anayehama au aliyefiwa, kisha kuyauza kwa kilo. Kilo moja ni shilingi elfu moja na mia tano. Mafundi rangi wanayataka, wauza viatu wanayataka, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wauza karanga na samaki wanayataka zaidi.

Zamani hakuwa akiyafungua. Aliyapima yakiwa yamefungwa kamba, na kazi ilikwenda haraka. Anayasoma hivi tangu mwaka 2017, kwa sababu ya mzigo mmoja uliompita mkononi.

Mzigo huo ulitoka nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyefariki. Watoto wake waliuza kila kitu cha karatasi. Milembe aliununua, na siku mbili baadaye akampelekea dada yake, Specioza, anayeuza samaki wa kukaanga Lamadi, kando ya barabara kuu. Milembe na Specioza ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Ni Specioza aliyeifungua ile kamba. Alikuwa anamfungia abiria sato wawili, na basi linapiga honi, mara akaona picha kwenye gazeti la mwaka 1975. Mwanamke amebeba kikapu cha pamba, anacheka, meno ya mbele yana mwanya. Chini yake pameandikwa: Bi. Nyanjige Ngassa, mkazi wa kijiji kipya, akivuna pamba.

Baba yao aliitwa Ngassa. Mama yake Specioza aliitwa Nyanjige. Na Specioza ana mwanya.

Abiria aliondoka na samaki mkononi bila karatasi.

"Ule mzigo ulikuwa wangu," anasema Milembe, na sauti yake inakuwa ya mtu aliyeibiwa jana. "Ulilala ndani kwangu. Nilikaa juu yake nikimenya viazi. Kisha nikaupeleka Lamadi, na nauli nikalipa mimi."

Wanawake hawa wawili hawakuwa na picha ya mama hata mmoja. Nyanjige, mke mkubwa, alifariki mwishoni mwa mwaka huo wa 1975, Specioza akiwa na miaka sita. Ng'washi, mke mdogo, alifuata baada ya miezi michache, Milembe akiwa bado hajaachishwa ziwa. Bibi yao mzaa baba ndiye aliyewalea, katika nyumba moja, kwa chungu kimoja.

Hata hivyo, chungu kimoja hakikuzuia kitu. "Bibi alimwita Specioza 'mayu', kwa sababu alisema amefanana na mama yake," anasema Milembe. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Mimi aliniita Milembe. Sikufanana na mtu."

Picha ilipopatikana, Specioza aliipeleka kwa shangazi yao, mzee mwenye mtoto wa jicho. Shangazi aliishika karibu na pua, akasema, "Ndiye huyu." Ikawa imetoka hiyo. Specioza aliitilia fremu, akaitundika sebuleni, akaivika rozari. Ndugu wakifika Lamadi wakati wa Krismasi, watoto huambiwa wamsalimie bibi kwanza ndipo wapewe soda.

"Na wangu wanamsalimia," anasema Milembe. "Wakaniuliza, mama, bibi wa kwetu yuko wapi? Nikawaambia, kaburini. Mtoto ukimwambia kaburini, anakwenda kucheza."

Wivu wake hauvishi kanga. Kila mtu sokoni anaujua. Anasema alikwenda mpaka kwa padri. "Padri aliniambia niusali huo wivu. Nimeusali. Upo, tena umenenepa."

Mwezi wa tano mwaka huu alifunga safari kwenda Itilima, kwenye kijiji kimoja cha kata ya Mwamapalala, ambako wazazi wao walihamishiwa mwaka 1974 wakati watu walipokusanywa vijijini. Alikuwa amesikia kwamba daftari la wakazi wa kwanza bado lipo. Mtendaji wa kijiji, kijana anayeitwa Muksini, alilitoa kabatini limevimba kwa unyevu.

"Alikuja mara tatu," anasema Muksini kwa simu. "Mara ya kwanza nilimwambia niko kikaoni. Akakaa kwenye benchi, anasali rozari kwa sauti. Kikao hakikuendelea."

Alikuwa anamtafuta mama yake, aone walau jina. Akalikuta. Kwenye nyumba ya Ngassa waliandikwa wake wawili: Nyanjige Masele na Ng'washi Maduhu.

Nyanjige Masele. Milembe anasema alidhani karani alikosea. Kisha akaangalia nyumba nyingine, na nyingine, akaona wanawake wote wameandikwa hivyohivyo. Siku hizi mwanamke kanisani na kliniki huitwa kwa jina la mume, na wao wamekua wakisikia hivyo. Lakini wakati ule, kwa Wasukuma, mwanamke aliolewa akaondoka na jina la baba yake. Nyanjige mke wa Ngassa alikuwa binti Masele.

Basi Nyanjige Ngassa ni binti wa Ngassa mwingine. Naye Milembe alimkuta, kurasa mbili mbele, katika nyumba ya mwanamume aitwaye Makoye, ambaye ukoo wao haumjui.

"Nilifunga daftari nikacheka peke yangu," anasema. "Sisemi uongo. Nilicheka."

Muksini alimruhusu kupiga picha kurasa hizo mbili kwa simu. Alizichapisha Bariadi, akaziweka ndani ya Biblia zisikunjamane, na Jumamosi iliyopita akapanda gari kwenda Lamadi.

Specioza yupo kwenye kikaango anapomwona mdogo wake anashuka. Ni mwanamke mnene, wa vicheko, mwenye aproni iliyoliwa na mafuta.

"Mwangaluka," anamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada. Mhola?"

"Mhola tu. Umeniletea magazeti?"

"Nimekuletea karatasi mbili."

"Mbili! Nitamfungia nani, dagaa?"

Wanaingia ndani. Sebule ni ndogo na safi, na kwenye ukuta, juu ya redio, Bi. Nyanjige anacheka na kikapu chake. Milembe haketi. Anatoa karatasi na kusoma kwa sauti, kwa sababu miwani ya dada yake imevunjika mkono. Anasoma jina la Nyanjige Masele. Anaeleza majina ya baba. Anasoma jina la Nyanjige Ngassa, nyumba ya Makoye. Anasoma polepole, kama mtu anayekula nyama.

Specioza anamsikiliza mpaka mwisho. Anaitazama picha, kisha anagusa mdomo wake.

"Na mwanya?"

"Wenye mwanya Usukumani ni wengi."

"Shangazi alisema ndiye."

"Shangazi alikuwa anasalimia mbuzi akidhani ni wageni."

Specioza hacheki. Anakaa kitako kwenye kochi, mikono yenye unga wa samaki ikiwa mapajani. Nje mteja anaita, "Mama Samaki!" mara mbili, hapati jibu.

"Kwa hiyo umetoka Bariadi," anasema mwishowe, "umelipa nauli, kuja kuniambia sina mama."

"Nimekuja kukuambia ukweli."

"Ukweli ungeweza kuniambia kwa simu. Umekuja kuuona uso wangu, Milembe."

Hapo ndipo Milembe anapoketi, mwisho kabisa wa kochi.

Specioza anaichukua karatasi, anaisogeza dirishani kwenye mwanga. Herufi hazioni vizuri, lakini kuna kitu kikubwa kuliko herufi.

"Hili doa ni la nini?"

"Wino. Daftari limelowa."

"Mbona kila mstari una lake? Soma hapo juu."

Milembe anainuka. Alizitazama karatasi hizo usiku na mchana kwa wiki kadhaa, akitazama majina tu. Sasa anasoma kichwa cha safu ya mwisho, na midomo yake inapunguza mwendo. "Alama ya dole gumba, kwa kupokea kiwanja."

"Kwa hiyo hili la hapa..."

"Ni la Nyanjige Masele."

"La mama yangu."

"Ndiyo."

Specioza anafuta mkono kwenye aproni, upande mmoja na mwingine. Anaweka dole gumba lake juu ya lile la karatasini. Halifanani ukubwa, lake limenenepa. Anabaki hivyo.

"Na la kwenu?" anauliza baadaye, kwa sauti ya chini. "La Mama Ng'washi?"

Mstari wa Ng'washi Maduhu nao una dole. Kando yake karani ameandika maneno machache kwa herufi ndogo. Milembe anayasoma kimoyomoyo, anataka kuikunja karatasi. Dada yake anaishika.

"Soma. Ulikuja kusoma."

"Mzazi wa siku chache. Dole limewekwa na mke mwenza."

Specioza anaanza kutikisika mabega, na mtu angedhani analia.

"Yote mawili ya mama yangu?"

"Yote mawili."

"Hata la kwenu?"

"Nimesema hata la kwetu!"

"Na huyo mtoto wa siku chache ni nani? Si wewe? Wewe ndiye uliyemzuia mama yako kitandani asiende kuweka dole!" Sasa Specioza anacheka wazi, mwanya wote nje, na machozi juu yake. "Ninyi mmelala, mama yangu akaenda kuwatoleeni kidole. Njoo umshukuru, mdogo wangu. Njoo usalimie."

Milembe anamwambia dada yake, basi na ashushe ile picha ya mama wa watu ukutani.

"Simshushi."

"Si mama yako."

"Nimemsalia miaka yote hii, leo nimwambie toka? Naye ana wanawe mahali, pengine wanamtafuta kama sisi. Wakija wakataja jina lake, watamchukua na fremu yake. Wewe si mtoto wake."

Bi. Nyanjige Ngassa amebaki pale. Chini yake, kabla jua halijazama, Specioza alikuwa amebandika karatasi ya madole mawili kwa gundi ya ugali.

Yeyote katika Simiyu mwenye mama au bibi aliyeitwa Nyanjige binti Ngassa, aliyekuwa mke wa Makoye katika kata ya Mwamapalala, anakaribishwa Lamadi. Aulizie Mama Samaki. Anaambiwa mapema kwamba mlezi wa picha hiyo ataitoa kwa machozi.

Jumatatu Milembe yuko tena sokoni na mzani wake. Anasema safari ile hakuielewa mpaka alipokuwa njiani kurudi. "Nilikwenda kumnyang'anya uso. Nikamwachia vidole viwili. Mimi nimerudi na Biblia yangu tu."

Anamwonea dada yake wivu bado? "Zaidi! Zamani alikuwa na picha. Picha inaweza kuwa ya mtu yeyote. Dole ni mwenyewe. Yule mama aliinama pale, akabonyeza. Na mama yangu alikuwa ndani ananinyonyesha, hajui kwamba nitakuja kumhitaji."

Mwanamisi, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye viatu vyake, anamwambia kwamba kunyonyeshwa nako si haba. Milembe anamwambia auze viatu.

Hajakata tamaa. Muksini amemwambia kwamba katika ghala la zamani la ushirika wa pamba kuna sanduku la orodha za waliopokea mbegu msimu uliofuata, na kwamba wanawake nao walipokea. Msimu huo Ng'washi Maduhu alikuwa amekwisha kutoka uzazini. Kama alikwenda mwenyewe kupokea mbegu, basi aliweka dole mwenyewe.

Milembe amepanga kwenda mwishoni mwa mwezi, baada ya misa. Specioza amepiga simu kusema atafunga kikaango siku hiyo amsindikize, na chakula atabeba yeye. Milembe amekataa.

"Akija yeye, tutakuta ni dole la mama yake tena," anasema, akifungua kamba ya mrundo mwingine. "Nitakwenda peke yangu. Nikilipata, nitampelekea Lamadi alione. Atalitazama mpaka achoke. Kuligusa, hapana."