Lenzi ya Kumpigia Bibi Sijaona

Kwa zaidi ya miaka kumi babu yangu Selestini, mpiga picha, alilaumu vitu visivyo na kosa. Alilaumu karatasi za picha, akasema zimekaa mno bandarini. Alilaumu dawa ya kusafishia. Alilaumu maji ya Newala, ambayo sisi tunayanunua kwa ndoo na huwezi kuyachagulia rangi. Mara moja alimlaumu hata mama, eti alifungua mlango wa chumba cha giza wakati picha ziko kwenye beseni. Kumbe kosa lilikuwa jikoni, juu ya mafiga, na aliyeliweka pale ni yeye mwenyewe.

Nianze na kamera, maana nimeiuliza maswali tangu niko darasa la pili. Babu aliipata mwaka 1968 kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Ni ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana, na hutazami kupitia lenzi yake. Kuna kidirisha pembeni. Ukichungulia, mtu aliye mbele yako unamwona wawili, mmoja kama kivuli cha mwenzake. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili wanaingiana na kuwa mtu mmoja, ndipo unabonyeza. Siku babu aliponiruhusu kuchungulia, mama alikuwa anafagia uwanja. Nikawaona mama wawili na mifagio miwili. Nilipowaunganisha nilipiga kelele hadi mama akadhani nimeng'atwa na kitu.

Sasa, kwa kuwa kidirisha kiko pembeni, lenzi inaweza kuharibika huko mbele na mpigaji asijue. Yeye anaona watu safi kabisa.

Na Newala kuna ukungu. Kipupwe unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unaingia hadi ndani ya nyumba, na shati uliloanika Jumatatu unalivaa Alhamisi likiwa bado na ubaridi. Mwaka 1988 babu aliona mkoba wa kamera umeota kuvu nyeupe. Akafanya kile ambacho kila mtu wa huku hufanya kwa kitu asichotaka kioze: akaitundika kwenye dari la jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Mbegu zetu hukaa pale hadi mvua zije, moshi unafukuza wadudu, na ukizipanda zinaota. Kamera nayo ikakaa pale kila kipupwe, ikishushwa tu mteja akija.

Aliyeumia ni dada yake, Bibi Sijaona.

Bibi Sijaona amemzidi babu miaka mitatu na anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Babu huniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu, kwa hiyo Bibi Sijaona huniita wifi. Uso wake wote una nembo, zile chale za Kimakonde: mistari ya pembepembe mashavuni, mingine kwenye paji, na juu ya mdomo kuna tundu dogo la ndonya, lile pambo la mdomoni, ambayo siku hizi haivai. Nikiwa mdogo nilikuwa nazifuata kwa kidole wakati ananibeba. Wasichana wa rika langu hawana. Mama yangu hana.

Mwaka 1969 babu alimpiga picha moja nzuri sana, nembo zote zikaonekana. Mumewe aliipenda picha ile, na alipofariki mwaka 1986 alizikwa nayo mfukoni, kama alivyoomba. Babu hakujali, alijua filamu yake anayo. Alipofungua sanduku la filamu akakuta mchwa wamekula, wamebakisha udongo. Katikati hapo ilikuwa miaka ya shida. Filamu ilikuwa adimu, ukiipata ni ya picha za vitambulisho tu. Bibi Sijaona hakupigwa tena hadi mjukuu wake wa kwanza alipotolewa unyagoni, na wakati huo kamera ilishakula moshi.

"Selestini, huyu nani?" akauliza alipopewa picha.

"Ni wewe, dada."

"Mimi? Niliyekatwa nembo nikalala siku tatu sijanywa uji, ndiye huyu mwenye uso kama sahani iliyooshwa?"

Babu akampiga picha tena mwaka uliofuata, na mwingine. Sahani. Wateja wengine walifurahi, kwa sababu picha za babu zilikuwa laini, chunusi hazionekani, kila mtu katoka kijana. Bibi Sijaona peke yake ndiye aliyerudisha zake zote.

Nikamuuliza, kwa nini nembo zimshughulishe hivyo. Alikuwa anabangua korosho, akaendelea kubangua.

"Wifi, mama yetu hana picha. Hata moja. Siku ninakatwa, yeye ndiye aliyenishika kichwa, na aliyelia ni yeye. Fundi alipomaliza, mama akaomba kisu, akakata moja kwa mkono wake. Kidogo tu. Kilichobaki cha mkono wa mama yetu duniani ni hicho." Akapuliza maganda. "Na macho yangu yanafunga, kila mwezi naona pungufu. Nataka niione kabla hayajafunga. Halafu nikifa mtaiweka juu ya jeneza. Mkiweka ile sahani, watu watakuja kumzika nani?"

Likizo ya Juni 1999 nilitoka shule Masasi, nikampitia babu Ndanda, alikokwenda kutibiwa goti. Shangazi Upendo, binti yake, ni muuguzi pale. Babu alikuwa amebeba kamera kama kawaida. Shangazi akasema, baba, badala ya kulaumu maji kila siku, twende kwa Nikolao akuangalizie. Nikolao ni fundi wa karakana ya misheni anayetengeneza hadubini za maabara.

"Shikamoo, mzee Selestini."

"Marahaba, fundi. Angalia kamera yangu, lakini ni nzima."

Nikolao akaizungusha lenzi ikatoka kama kifuniko cha chupa. Akaielekeza dirishani. Kisha akainusa.

"Mzee, hii ulikuwa unaipikia ugali?"

Shangazi akacheka hadi akakaa. Babu hakucheka. Nikolao akatuonyesha: ndani ya kioo kulikuwa na kitu kama utando wa buibui, rangi ya chai ya maziwa. Akaeleza kwamba lenzi si kioo kimoja, ni vioo kadhaa, na baadhi vimegandishwa kwa gundi. Joto la jikoni limelegeza gundi, moshi umeingia katikati.

"Futa," babu akasema.

"Uko ndani, mzee. Nikivibandua nitakupa vipande."

Babu akakaa kwenye benchi. Sijawahi kumwona babu akihesabu kimya kimya, lakini siku ile niliona midomo inatembea. Baadaye aliniambia alikuwa anawahesabu maharusi aliowapiga kwa lenzi ile ya moshi.

Nikolao alipoona hivyo akaleta jarida la kamera lililoachwa na daktari mgeni. Kulikuwa na picha ya lenzi. Babu akaishika lenzi yake mkononi, akatazama jaridani, akatazama mkononi.

"Ndiyo hii."

"Si hiyo, ni ndugu yake. Kuna kiwanda Japani kimeanza kutengeneza lenzi za namna ya zamani. Skrubu ileile, vioo vipya. Itaingia kwenye kamera yako."

"Wanaitengeneza tena? Mwaka huu?"

"Mwaka huu, mzee."

"Basi wana akili. Mbona mimi hawanitengenezi tena?"

Njia nzima ya kurudi alisimulia jinsi zamani kuagiza kitu ng'ambo kulivyokuwa kama kuagiza mvua, kibali juu ya kibali, na betri za tochi zilivyouzwa kwa kujuana. Siku hizi duka la Dar es Salaam unaliandikia barua tu, wanaagiza. Lakini aliikumbuka miaka ileile ya shida kwa sauti ya kuipenda. "Filamu ilikuwa moja," alisema, "kwa hiyo kila uso niliutazama mpaka nikaujua."

Desemba ikafika, korosho zikauzwa. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao wakigombania magunia, bei ikawa nzuri kuliko watu walivyozoea. Mikorosho ya kwetu ni ya mama yao babu na Bibi Sijaona, kwa hiyo mavuno ni ya wote wawili. Na mwaka ule yalikuwa yameshapangiwa kazi: bati za nyumba ya Bibi Sijaona, maana nyasi zilishachoka.

Mwanawe, baba mdogo Christopher, alipandisha sauti, ila kwa adabu.

"Mjomba, nakuheshimu. Lakini mama analala na beseni kitandani, na wewe unataka kununua kioo cha ukubwa wa kikombe cha kahawa?"

"Si changu mimi."

"Cha nani sasa?"

"Changu," akasema Bibi Sijaona. "Mvua naijua, tumezoeana. Wewe Christopher, bati utaninunulia msimu ujao. Macho utaninunulia wapi?"

Baba mdogo akatoka, akaenda kukata nyasi mpya. Alizikata wiki nzima, na kila mzigo aliutupa chini kwa kishindo ili babu asikie.

Lenzi ilifika Mei kwa basi, konda akaikabidhi kama yai. Mimi niliikuta likizo ya Juni, bado babu hajaitumia. Alikuwa anaifungua kila asubuhi, anaitazama, anairudisha. Nikamuuliza anangoja nini.

"Inuse," akasema.

Nikanusa. Haikunukia kitu.

"Umeona? Ile yangu inanukia nyumbani." Lakini akaifunga kwenye kamera. Ilizunguka kwenye skrubu bila kukwama, ikafika mwisho kwa mlio mdogo, tik, na uso wa babu ukawa kama wa mtu aliyesikia hodi ya mtu anayemfahamu.

Tukaijaribu kwa Alfredi, fundi cherehani wa sokoni. Alikaa na tai. Picha ilipotoka kilionekana kila kitu: chunusi, kola iliyoliwa, uzi uliokatikia kwenye kifungo chake mwenyewe.

"Mzee Selestini, hii si kamera," akasema Alfredi, "hii ni polisi! Mimi nirudishie ile ya moshi."

Babu akacheka peke yake hadi nyumbani. Akamwambia Bibi Sijaona ajiandae.

Kesho yake ukungu ukaja, huoni mwembe wa jirani. Babu alitaka jua, tena la ubavuni, kwa sababu chale ni mabonde madogo na bila kivuli hazisimami. Bibi Sijaona alivaa kanga mpya, akakaa kwenye kiti mlangoni, akangoja hadi mchana, akavua. Siku ya pili akavaa, akangoja, akavua. Baba mdogo Christopher akapita, akasema, "Mama, hata jua limekataa."

Siku ya tatu, kama saa nne, ukungu ukafunguka upande mmoja. Jua likaingia kwa pembeni, likampata shavu la kushoto. Babu akapiga magoti, lile goti bovu, akachungulia kidirishani. Niliona mkono wake ukizungusha lenzi, kwenda, kurudi, kwenda.

"Dada, usicheke."

"Sicheki. Mdomo wangu ndivyo ulivyo."

Akabonyeza mara tatu, ukungu ukarudi.

Picha moja aliisafisha kubwa, siku ileile. Nilikuwepo chumba cha giza, taa nyekundu, karatasi inaelea. Kwanza likaja tundu la ndonya. Halafu mistari ya paji, halafu mashavu, nembo moja moja, kama mtu anazichora kutoka chini ya maji. Babu alisema tu, polepole, "Amezeeka," kama aliyepewa habari.

Tulimpelekea Bibi Sijaona ikiwa bado mbichi kingoni. Aliileta karibu na jicho, akaipeleka mbali, akaigeuzia mlango. Akapitisha kidole juu yake.

"Laini," akasema, na sauti ikashuka. "Naona giza na mwanga. Sioni mistari. Nembo zipo, wifi?"

"Zipo, Bibi."

"Usinidanganye kwa kunihurumia. Hesabu."

Nikakaa chini karibu naye. Nikaanza kuhesabu kwenye picha, yeye akahesabu usoni kwake kwa kidole. Paji, tano, akasema tano. Shavu la kulia, mistari saba, saba. La kushoto, saba, na mitatu midogo kuelekea sikioni. Akafika mitatu, akaendelea kwa kidole hadi nyuma kidogo, chini ya ndewe.

"Na hapa?"

Nikainamia picha hadi pumzi yangu ikaigusa. Baba mdogo Christopher alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa nyasi kichwani, hajautupa. Chini ya ndewe palikuwa na kivuli. Ndani ya kivuli palikuwa na kimstari kimoja, kifupi, kimekatwa upande upande, kama na mtu asiyejua kukata.

"Kipo," nikasema. "Kimepinda."

"Ndicho," akasema Bibi Sijaona. "Mkono ulikuwa unamtetemeka mama."

Babu akaichukua picha, akaisogeza jichoni. Miaka yote ile, kidirishani na nje ya kidirisha, hakuwahi kukiona.