Sahani ya Bi Time Iliyorudi na Chila

Harufu ya chila za mama yangu ilifika njiani kabla ya adhana ya magharibi. Mchele umerowekwa, umetwangwa, umetiwa hamira, tui na iliki. Anamimina upawa mmoja kikaangoni, anafunika, na akifunua uso wa chila umejaa vitundu. Kisha anachukua kunde nyekundu zilizochemshwa zikalainika, zikasongwa kwa sukari guru, tui zito na chembe ya karafuu iliyopondwa. Anapaka, anaifunika kwa chila nyingine, uso kwa uso. Juzi mjukuu wangu kanionesha kitu kama hicho kwenye simu, eti cha Wajapani. "Bibi, tazama maajabu!" Maajabu gani? Mimi nimekila kijijini kwetu Ole kabla mama yako hajazaliwa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba hii ya Gombani imesimama kwa chila nilizouza sokoni Chake. Kwa chila, basi, sifundishwi na simu.

Lakini kinachonichoma si Wajapani. Ni Ramadhani moja ya zama za siasa, kabla ya mapinduzi, nikiwa mtoto wa kutumwa. Sisi tulikuwa na mpunga, jirani yetu Bi Time alikuwa na kunde. Kila Ramadhani ikiingia alituletea kunde kwenye sahani yake ya maua ya buluu, na mama akairudisha na chila. Sahani hairudi tupu, ndiyo adabu ya kwetu. Huna kitu, tia hata ndimu. Mwaka ule kunde zilikuja kama kawaida, mama akapika, akafunika kwa kawa, akanituma. Mlangoni nikamkuta mume wa Bi Time, Mzee Hija, ambaye siku hizo alikuwa ametundika bendera ya chama chake juu ya paa. Baba yangu alikuwa wa chama cha pili.

"Za nani hizo?"

"Za mama, ami."

"Rudi nazo. Chakula cha chama chenu hakiliwi hapa."

"Ami, kunde ni zenu."

"We mtoto, ulimi huo! Rudi!"

Bi Time alikuwa nyuma yake, kiganja mdomoni. Sikulia. Nilirudi nimekaza meno, sahani nzito kama jiwe la kusagia. Mama alifunua kawa, akatazama, akakaa kitako. "Anakataa kunde za shamba la mkewe! Kurudishiwa chakula ulichopeleka, hilo hufanyiwa mchawi." Baba akacheka: "Si nilikwambia usiwapelekee?" Mama akamgeukia: "Na wewe nyamaza. Wewe na Hija mmepishana bendera tu, upuuzi ni mmoja."

Kesho yake alasiri Bi Time alipitia migombani, nyuma ya jiko letu, kunde amezifunga kwenye pindo la kanga. "Mwenzangu, sahani ikae kwako. Ikirudi kwangu na chakula chako, ataivunja." Mama akampa chila, naye akazificha chini ya kanga. Hivyo hivyo mpaka Ramadhani ikaisha. Mwanamke mzima, mwenye shamba lake, anaiba futari iliyopikwa kwa kunde zake mwenyewe! Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nakataa. Wale wawili walikula pamoja mafichoni, na mama alipokufa aliyemwosha ni Bi Time.

Wote wameshakwenda, Mungu awarehemu. Vyama vimebadili majina, bendera zimebadili rangi, na watu wamesoma mpaka wamechoka kusoma, lakini uchaguzi ukikaribia bado nawaona wanaokwepa harusi ya jirani na kuruka maziko yake. Sisi wa zamani walau tuliona haya, tukapitia migombani. Hawa hawajifichi. Khamis, mtoto wa Bi Time, anakaa nyuma ya nyumba yangu hapa, na tangu kura zilizopita haitikii salamu yangu. Mtoto niliyembeba mgongoni!

Basi leo nimepika. Sahani ya maua ya buluu nimeitoa kabatini, nimepanga chila, nimefunika kawa, na sitamtuma mjukuu. Naipeleka mwenyewe, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Chila azikatae akitaka. Sahani ni ya mama yake, itabidi aipokee, na kwangu hairudi tena ila na kunde.