Mwisho Aliousimulia Mkewe

Fundi makochi aliyejulikana mtaani kwa jina la Sponji alipofuka ukubwani, lakini hakuacha kazi wala filamu. Kushona alishona kwa kupapasa. Filamu alizitazama kwa mdomo wa mkewe, maana waigizaji walisema lugha asiyoijua, naye mkewe alimsomea maandishi ya chini na kumweleza yanayopita.

Jumapili moja alasiri walitazama filamu ya zama zijazo, ambamo watu hulazwa kwenye mitungi ya kioo wakaota maisha mazima: harusi, watoto, hata mvi. Mwanamume mmoja akaanza kushuku kwamba nyumba anayoishi ni ndoto. Sponji alikaa ukingoni mwa kochi, mwili wote masikio.

"Ameamka?"

"Ameamka, baba watoto. Mkewe huyo mlangoni, anacheka."

Sponji akashusha pumzi kama aliyeamka yeye.

Jioni dada yake akapita kuwajulia hali. Filamu ile alishaiona.

"Kaka, ule mwisho uliniuma! Maskini, kabaki usingizini, na mkewe ndiye anafunga kifuniko."

"Si aliamka?"

"Nani kakwambia?"

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Nilibadilisha kidogo tu, wifi. Sikutaka alale na huzuni."

Sponji alicheka, cheko la meno tu. "Na kipi kingine umenibadilishia?"

Dada mtu, ambaye tangu utotoni hakuwa na kifua, akasema, "Wifi, mwambie basi habari ya mishono."

Sponji hakungoja kuambiwa. Alishika ukuta mpaka karakana ya nyuma, akapapasa mto alioumaliza jana. Yeye hufunga fundo nene, mara mbili. Vidole vyake vilikuta mafundo madogo, membamba, kwenye mshono ulionyooka kama rula. Akapapasa mto wa pili, na wa tatu. Yale yale.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," mkewe alisema nyuma yake. "Ilikuwa inapinda, mume wangu. Wateja wakaanza kurudisha. Ukilala, nafumua nashona upya. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia! Ningekasirika, ningelia, yangekwisha. Nani mwingine anajua?"

Mkewe akaanza kutaja majirani, akakosa pa kuishia. Basi mtaa mzima ulijua. Wote waliomwambia "mkono wako haujafa, fundi" walikuwa wakimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa akatembea nacho kifua mbele.

"Macho yalichukuliwa na ugonjwa," alisema. "Haya mengine umechukua wewe."

Hawakuachana. Asubuhi Sponji alimkabidhi mkewe sindano, yeye akashika koleo, akawa anang'oa misumari na kuvua vitambaa vya makochi chakavu, kazi isiyohitaji kunyoosha mstari. Walifanya kazi chumba kimoja, wakisemeshana ya lazima tu.

"Mvua inakuja," mkewe alisema siku moja. "Tuingize hizi fremu."

Sponji akaenda dirishani, akatoa mkono nje, akangoja mpaka tone likamwangukia.