Mate ya Shangazi Delphia

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Orbin Goins hazungushi maneno. "Andika hivyo hivyo," anasema, misumari minne ikiwa imebanwa katikati ya midomo. "Mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye akili zake timamu, nikaenda kuiba mate ya bibi kizee."

Ni saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mgongo wa mlima, na Orbin yuko kazini juu ya paa. Si paa la kumtia mtu kizunguzungu. Ukisimama linakufika kifuani. Ni kijumba cha kaburi, kama vile wazee wa milima hii ya Tennessee walivyowajengea marehemu wao ili wasinyeshewe. Anang'oa kibao kilichooza, anapachika kipya, anagonga.

Kila gari likipita kwenye barabara ya kokoto kule chini, nyundo inasimama. Anasikiliza mpaka mlio upotelee kwenye kona, ndipo anagonga tena.

"Zamani nilikuwa sigeuki hata ipite treni," anasema. "Shangazi kaniambukiza."

Tangu mgodi wa makaa ulipofungwa na kumwachia kifua kinachokwaruza, kazi yake ni hii: kufyeka makaburi ya koo na kukarabati vijumba. Familia zilizohamia Ohio na Indiana humtumia dola sitini kwa kaburi moja kwa mwaka. Msimu wa theluji nyasi hazioti, na dola nazo hazioti.

Waliolala humu ni Wamelanjeni. Zamani jina hilo lilikuwa tusi, ukimwita mtu hivyo unaondoka huna meno. Leo limechapishwa kwenye fulana. Majirani walisema watu hawa si weupe vya kutosha, si Weusi, wala si Wahindi Wekundu. Ukiwauliza wazee wenyewe, walijibu "sisi Wareno," kisha wakakuuliza habari za mahindi yako.

Orbin aliamini Ureno wake mpaka binti yake alipompa zawadi ya kipimo cha DNA, kichupa kidogo cha kutemea mate, siku ya kuzaliwa. Majibu yaliporudi, Ureno haikuonekana hata kwa kuchungulia. Sehemu kubwa ilikuwa Ulaya ya kaskazini. Asilimia sita ilitoka Afrika, pande za Angola.

"Nilimpigia simu kila mtu," anakumbuka. "Hata mchungaji nilimpigia. Akaniuliza nimekunywa nini."

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Alishinda kwenye vitabu vya sensa, akapekua hati za kodi kwenye jengo la mahakama, akajenga mti wa ukoo kwenye kompyuta, jina baada ya jina. Akakwama kwa mtu mmoja: Mahala Goins, bibi yake baba yake, mwenye kijumba hiki anachokitengeneza leo. Hakuna karatasi inayosema Mahala alitoka wapi.

Kila kizazi hurithi nusu tu ya vinasaba vya mzazi, na baba yake Orbin alishazikwa. Aliyebaki na sehemu kubwa ya Mahala mwilini ni mmoja tu: Delphia Gibson, miaka tisini, dada wa baba yake, anayeishi peke yake bondeni na jiko la kuni.

Orbin akampelekea kichupa.

"Unatema tu humu, Shangazi, mpaka kwenye huu mstari."

"Nimetema ugoro miaka sabini hakuna aliyeniomba," Delphia alimjibu. "Leo mate yangu yamekuwa mali?"

"Ni kwa ajili ya ukoo."

"Ukoo upo. Si huyu hapa anamaliza maharage yangu?"

Alipozidi kumbana, kicheko kilimtoka bibi usoni kama taa iliyozimwa. Akatazama barabara dirishani. "Wakishajua, watatufanya nini?" aliuliza.

"Nani hao?"

Delphia aliinuka kwenda kumchotea maziwa ya mgando, na Orbin, badala ya kujiuliza anachokiogopa kule dirishani, akaliona kopo la kutemea ugoro pembeni ya kiti. Akainamisha kopo, akajaza kichupa, akakitia mfukoni. Kwenye fomu aliandika jina kamili la shangazi yake na anwani yake. "Fomu ilitaka ukweli," anasema, "na mimi, wizi ukishakwisha, ni mtu mkweli sana."

Majuma matano yakapita. Alhamisi moja saa tatu asubuhi alimpelekea unga na kahawa kama kawaida, akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Mlango ule haujawahi kufungwa. Alizunguka nyuma, akaingilia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya meza palikuwa na barua moja kutoka maabara, yenye nembo ya bluu juu, na mstari wa kwanza ulisomeka: *Mpendwa Delphia Goins Gibson, tumepokea sampuli yako.*

Barua ilikuwa imeelekezwa kwa mwenye jina, kwa anwani aliyoiandika Orbin kwa mkono wake.

Hapa Orbin hacheki. Aliita bandani. Aliita kwenye chemchemi. Alikiondoa kifuniko cha kisima, akashindwa kutazama ndani, akafumba macho, akahesabu mpaka tatu, ndipo akatazama. Maji yalikuwa yametulia. Akakaa chini kwenye majani, akawaza atakavyowaeleza watu kanisani.

Alimkuta kwenye ghala la viazi lililochimbwa ubavuni mwa kilima. Delphia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya chupa za maharage na nyanya, amevaa koti zito na kofia yake ya Jumapili. Begi lilikuwa magotini. Alikuwamo humo tangu jana yake mchana, na mkononi ameshika cheti chake cha ndoa, chenye neno "mweupe" mbele ya jina lake.

"Wameshafika?" alinong'ona.

"Nani, Shangazi?"

"Wenye orodha."

Ndipo Orbin alipoisikia habari ambayo baba yake alikufa nayo. Delphia alikuwa na miaka tisa, upande wa Virginia. Siku moja mtu mwenye koti jeusi alikuja shuleni na karatasi, na mwalimu akasoma kwa sauti majina ya koo ambazo serikali ilisema si za weupe, hazistahili shule ile. Kila aliyetajwa alichukua kikopo chake cha chakula akaenda nyumbani, na hakurudi. Mama yake Delphia alichukua wembe, akakata ukurasa wa majina ya familia kwenye Biblia, akautia motoni, akawashika watoto mikono, wakavuka mlima kwa miguu mpaka Tennessee.

"Mama alisema tusimtajie mgeni jina letu," Delphia alimwambia, "hata akitupa peremende."

Orbin alipiga magoti kwenye udongo, akakiri yote.

"Kwenye kopo langu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"La ugoro?"

"Ndiyo."

"Na hao wa maabara wamesemaje? Kwamba shangazi yako ni tumbaku?"

Walikaribia kusema hivyo. Barua ilieleza chini kwamba mate yalikuwa machafu mno, hayasomeki, tafadhali tuma mengine. Delphia hakufika huko. Alisoma mstari wa kwanza akachukua begi.

Orbin alisikia ule utani akadhani hatari imepita. Mjinga hakuwa amemaliza siku yake.

"Toka, twende ukaote moto," alisema. "Yule mwenye koti jeusi alishaoza. Siku hizi watu wanajivunia kuwa Wamelanjeni, wanakutana kila mwaka, wanakula kuku, wanapiga picha. Mimi nataka kitu kimoja tu. Kabla ya theluji niandike kwenye kijumba cha bibi Mahala mahali alikotoka. Ni tone moja safi, Shangazi. Hakuna mtu anayetuandika orodha tena."

Delphia hakusogea. "Hicho unachokiandika kwenye kompyuta ni nini?"

"Ni mti wa ukoo," Orbin alisema, na hata kwenye giza lile kifua kilimpanda. "Majina mia nne na kumi na mawili. Na tarehe za kuzaliwa, na nani kazaa na nani, na kila aliye hai anaishi wapi. Na wewe umo. Mtu yeyote duniani anaweza kufungua akasoma."

Bibi alilivuta begi, akalikumbatia.

"Basi yule wa kwanza alikuwa mvivu," alisema. "Alikuja na majina kumi na tisa tu, na tunapolala alikuwa hapajui."